Dakika Kumi za Kujijenga

Jumanne nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya vyeti hapa Mpanda, nyuma ya mama mmoja kutoka Sibwesa. Ilikuwa saa tatu. Bwana wa dirishani alikuwa amefumba macho, viganja vyake vimelala mezani.

"Habari za asubuhi, baba," mama akasema.

Akainua kidole, macho bado kayafumba. "Dakika kumi, mama. Najijenga. Kwenye semina walitufundisha, tabia ndogo za kila siku ndizo zinabadilisha maisha."

"Cheti cha mtoto kipo tayari, baba, kimebaki muhuri tu. Leo ndiyo mwisho wa kuandikisha darasa la kwanza, na gari letu linaondoka saa nne."

Bwana akafumbua macho. Nikadhani tumepona. Akafungua kidaftari, akaandika huku akijisomea kwa sauti: "Leo nashukuru kwa wageni walionitembelea."

Mama akagonga kioo kwa kidole, taratibu. "Hatujakutembelea, baba. Kwako hata hatupajui. Hapa ni kazini."

"Andika na hilo!" mtu akadakia kutoka nyuma, foleni nzima ikacheka.

Bwana akavuta cheti, akagonga muhuri. Sekunde tatu, sijapunguza. Mama akakifunga kwenye khanga, akavua ndala na kukimbilia stendi. Gari aliliwahi.

Sina ugomvi na tabia ndogo. Hata mimi napiga mswaki. Ila kufungua dirisha saa moja na nusu, kazi inapoanza, nako ni tabia ndogo ya kila siku. Tatizo lake haina semina, wala posho.