Sekunde Kumi za Otmar

Jirani yangu Otmar Vyskočil hakukanyaga uwanja wa ndege za mfano kwa miaka sita, tangu mkewe Květa apooze upande mmoja. Zamani alikuwa fundi televisheni, sasa alikuwa akiunda vidude vidogo kama kucha vya kuzima mota. Ndege hizo zikisharushwa haziongozwi na mtu. Kidude huhesabu sekunde kumi, mota inazima, ndege inaelea. Dakika mbili baadaye kinainua mkia ili ishuke.

Alivijaribu mezani jikoni, mota ikiwa imefungwa kwa kamba. Nilizoea kuisikia ikivuma ukutani kwangu, kisha kimya. Siku nzima, kuvuma na kimya.

Rafiki yake Lubor alipokuja kuchukua vya mashindano ya Jumapili, nilikuwa pale nimewaletea supu.

"Wewe mzee, nchi nzima inarusha kwa vidude vyako, mwenyewe umejifungia kama kuku anayeatamia!"

"Na Květa nimwachie nani?"

"Niachie mimi," nikasema. "Au unadhani nitamla?"

Květa akacheka kwa upande wake mzima wa mdomo. "Nenda, bwana. Umenichosha."

Jumapili akaenda, baada ya kunionyesha dawa mara tatu.

Yaliyotokea huko alinieleza Lubor, bado amekasirika. Ndege ya Lubor ilipaa wima, sekunde kumi mota ikazima, ikaanza kuelea juu ya nyasi. Watu wakapiga makofi. Otmar alikuwa ameinama, anaitazama saa ya mkononi.

"Nirudishe nyumbani."

"Mbona haijatua hata!"

"Lubor, nirudishe."

Aliingia anahema, viatu vina umande. Mimi nilikuwa nasoma gazeti, Květa ameshalala na kuamka.

"Mbona mapema hivyo?" nikamuuliza. Alimpangusa mkewe kidevu, ingawa kilikuwa kikavu.

"Iliruka?" Květa akauliza.

"Iliruka."

"Ikatua wapi?"

"Kwenye nyasi," akasema, "karibu kabisa na sisi."

Květa alimkazia macho muda mrefu, kisha akageuzia uso wake dirishani. Otmar akavua koti, akawasha pasi ya kulehemu. Nilichukua sufuria yangu nikatoka, na kabla sijafika mlangoni kwangu mota ilikuwa inavuma tena.