Odongo wa Landless na Malkia wa Bure

Ukimtaka Odongo siku ya Jumamosi, usiende kwake mtaani Landless. Wilkister, mkewe, atakuambia bila hata kugeuka kutoka kwenye karai la samaki, "Ameenda Ruiru kwa wale wake zake wa mbao." Maana yake Odongo yuko Kiuu, huko huko Ruiru, nyuma ya duka la kinyozi, anacheza chesi na vijana. Na vijana wenyewe, wacha tu! Wamefundishwa na simu, mdomo mrefu. "Niaje mzae, leo tunakumaliza!" Odongo anavua kofia, anaiweka gotini, anacheza polepole kama mtu anayechambua mchele. Baada ya kitambo utawaona wanajikuna vichwa.

Si bingwa wa kutangazwa redioni, tuelewane. Ni fundi wa mitambo kiwandani hapa Thika. Chesi alifunzwa na mwalimu wake kule Siaya, kwa vipande walivyochonga wenyewe kutoka kwa mabunzi ya mahindi. Wakati mmoja aliingia mashindano Nairobi, akamshinda jamaa aliyekuja na kocha wake, kisha akaondoka kabla ya kupewa kikombe kwa sababu shifti ilikuwa inamngoja. Wilkister anakiulizia kikombe hicho mpaka leo.

Jambo moja tu Odongo hana mzaha nalo. Hamwachii mtu mchezo. "Kumwachia mtu ushindi ni kumtukana," husema. Hata Becky, binti yake, alipokuwa mdogo alishindwa akalia, akakimbilia kwa mama yake, na baba mtu hakubadilika.

Sasa, rafiki wa moyo wa huyu Odongo ni Githinji, mfugaji wa mbuzi kule Gatuanyaga. Zamani Githinji alikuwa mlinzi kwenye geti la kiwanda, na pale getini hakuna aliyemuweza kwa drafti ya vifuniko vya soda. Odongo akamvuta kwenye chesi. Lakini mazoea yana taabu! Kwenye drafti, ukipata nafasi ya kula, lazima ule. Githinji akaja na sheria hiyo kichwani, na haikumtoka. Ukimwekea askari, anakula. Ukimwekea farasi, anakula, hata kama nyuma yake kuna shimo la kumzika. Miaka yote hiyo wanacheza kila Jumapili baada ya kanisa, na Githinji hajawahi kumshinda Odongo hata mara moja.

"Wewe unakula kwanza, unafikiria baadaye," Odongo humtania.

"Na wewe siku moja utanilisha sumu ikuue mwenyewe," Githinji humjibu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Githinji akaangushwa na kiharusi. Mdomo ukapinda kidogo, mguu ukawa mzito, na mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Hospitali wakamwonyesha mazoezi, wakamwambia autumie mkono huo kwa kila kitu. Akakataa. Gathoni, mkewe, akampigia Odongo simu.

"Baba Becky, njoo. Ameangalia ukuta tangu asubuhi. Fimbo ya kutembelea ameitupa nje. Anasema yeye ameisha. Nami nikimwona hivyo, naogopa kweli."

Jumapili Odongo akapanda boda, ubao kwapani, vumbi la Gatuanyaga likamjaa mpaka masikioni. Na huko njiani akaamua jambo ambalo hakuwahi kuliamua maisha yake yote: leo nitashindwa. Acha iwe tusi. Bora Githinji aliyetukanwa na anaishi kuliko Githinji aliyeheshimiwa na anaangalia ukuta.

"Mimi sichezi," Githinji alisema alipoona ubao. "Huu mkono utaangusha kila kitu."

"Uangushe, tutaokota. Lakini sheria ni ile ile, ukigusa kipande umekicheza."

Labda ni ile sheria iliyomuuma. Githinji akajivuta, akaketi. Akatoa mkono wa kushoto.

"Aa, aa," Odongo akasema. "Wa kulia. Nimetoka mbali."

Wakacheza. Mkono ulikuwa unachukua muda kufika, na Odongo alikuwa akiuangalia kwa uchungu mpaka akasahau kuangalia ubao. Mchezo ulipokolea, akaona nafasi yake. Akamchukua malkia wake, akamsogeza mbele, akamweka wazi kabisa mdomoni mwa askari wa Githinji. Malkia wa bure! Mlafi gani ataacha chakula hicho?

Githinji akainua mkono. Ukatetemeka juu ya yule askari, karibu sana, karibu kumgusa. Odongo akajikuta anaomba kimoyomoyo: mle, ndugu yangu, mle.

Mkono ukapita. Ukaenda pembeni, ukaishika ngome, ukaisukuma polepole, mraba baada ya mraba, hadi kwenye safu ya nyuma kabisa ya Odongo, pale ambapo malkia wa Odongo alikuwa analinda mpaka alipoondolewa. Mfalme wa Odongo alikuwa amejifungia nyuma ya askari wake mwenyewe. Hakuwa na pa kwenda.

"Cheki," Githinji akasema. Kisha, taratibu, "Umekwisha."

Odongo akaangalia. Akaangalia tena. Ala!

"Nimekuwa nikilala hapo nikijiambia, Githinji, ukipona, usile," mgonjwa akasema. Kisha akamkazia mwenzake macho. "Sema ukweli, Odongo. Umeniachia?"

Gathoni, aliyesimama mlangoni na chai, akamtikisia Odongo kichwa: kataa! Odongo akaweka kidole juu ya malkia wake.

"Malkia nilikuachia. Nilitaka umle ushinde, ufurahi. Lakini hii ngome sikuiona. Haki ya Mungu, Githinji, sikuiona."

"Kwa hivyo ulinitukana."

"Nilikutukana."

"Na nikakupiga."

"Ukanipiga kabisa."

Githinji akaanza kucheka na ule mdomo wake uliopinda, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Odongo naye, mtu mzima na kofia yake gotini, akalia waziwazi wala hakuona haya. "Ngai, Mungu wangu!" Gathoni akasema, akaweka chai chini.

"Gathoni," Githinji akaita, "ile fimbo yangu uliiokota?"

"Ya nini sasa?"

"Mgeni wangu ameshindwa. Si nimsindikize?"

Wakatoka, Githinji mbele na fimbo, mguu ukiburuta kwenye vumbi. Kutoka mlangoni hadi getini si mbali, mbuzi hufika kwa kuruka mara chache. Wao walichukua muda mrefu sana, na Odongo hakumshika mkono hata mara moja.