Baskeli Aliyoiacha kwa Fundi

Siku niliyotoka eda mwanangu aliniuliza nataka kupelekwa wapi kwanza. Alidhani nitasema makaburini, au kwa shoga yangu wa Sharjah aliyekuwa mgonjwa. Nikamwambia, "Nipeleke kwa mafundi baskeli."

"Mama, hilo jambo hujalisahau tu?"

"Nitalisahau vipi? Kwani imerudi?"

Marehemu mume wangu alikuwa na baskeli nyeusi, nzito, ya kizamani. Alikuwa nayo tangu watoto wetu wadogo. Gari alinunua pia, lakini gari lilikuwa la hospitali na la harusi. Mengine yote aliyafanya kwa baskeli: samaki, mkate, msikitini, bandarini kuuliza nani kaja kutoka nyumbani Unguja na kuna habari gani. Wiki aliyokufa alitoka nayo asubuhi akarudi kwa miguu. Nikamuuliza iko wapi. Akasema, "Nimeiacha kwa fundi, gurudumu la nyuma linayumba." Akala, akalala. Hakusema fundi gani, na mimi sikuuliza, maana mtu akikwambia kaacha kitu kwa fundi unajua atakwenda kukichukua mwenyewe.

Hakwenda. Asubuhi ya pili yake alianguka mlangoni mwa choo, na tulipomfikia alikuwa keshakwenda.

Sisi watu wa Unguja wa zamani, mjane hatoki mpaka eda yake iishe. Hapa Dubai wapo wanaotoka, wana kazi zao, wana benki zao, na masheikh wanawaruhusu. Mimi sina kazi wala benki. Nilikaa ndani, bila wanja, bila manukato, nguo mbili tatu zisizo na rangi. Watu walikuja wakakaa wakaondoka. Walikuwa wananitazama usoni. Sikulia sana. Waliosema nina moyo mgumu walisema, na chai yangu walikunywa.

Vitu vyake vilishughulikiwa. Kanzu zilitolewa sadaka, saa alichukua mwanangu, dawa zilitupwa. Kila kitu kilijulikana kilipo isipokuwa baskeli. Mwanangu alikwenda kuitafuta Ijumaa moja, akaingia maduka mawili, akarudi jasho linamtiririka.

"Mama, mafundi baskeli wa hapa Deira ni wengi kuliko wauza simu. Na kila mmoja ananiambia nimlete mwenyewe aliyeiacha."

"Ukawaambiaje?"

"Niwaambieje? Nimemwambia mmoja, bwana, huyo haletiki. Akafikiri namfanyia mzaha." Halafu akasema, "Nitakununulia nyingine, mpya."

"Nani kakwambia nataka kupanda baskeli?"

Nilikuwa sitaki kuipanda wala kuiuza. Nilitaka iwe ndani. Hakuniuliza kwa nini, na mimi nilishukuru.

Basi tulipotoka siku ile, la kwanza kufanya mwanangu aliisemesha simu yake: baskeli. Simu ikatuvusha khori, ule mkono wa bahari unaokata mji, mpaka mtaa wa Jaddaf, kwenye duka la vioo lenye baridi kama la nyama. Baskeli zilikuwa zimetundikwa ukutani moja moja, zina taa juu yake kama picha. Akaja msichana Mkenya, mchangamfu, amevaa fulana ya kazi.

"Karibu, shosho! Unatafutia nani? Mjukuu?"

"Natafuta baskeli ya mume wangu. Nyeusi. Aliiacha kwa fundi."

"Hapa kwetu? Aliileta lini?"

"Sijui kama ni hapa."

Akamtazama mwanangu, akanitazama mimi. "Shosho, hapa hatushikangi baiskeli za zamani. Cheki hii, ni kaboni. Ibebe kwa kidole kimoja tu, jaribu."

Nikaibeba. Kweli ilinyanyuka kwa kidole. Nikamuuliza, "Nyepesi hivi, utapakia nini?"

"Hakuna kupakia. Ni ya mazoezi."

"Gunia la mchele?"

"Aki shosho! Gunia la mchele litaivunja!" Akacheka mpaka akashika mdomo. Mwanangu naye akacheka. Mimi niliirudisha mahali pake nikamwambia ahsante. Hakuwa na ubaya yule mtoto. Alitupa maji ya chupa, akatufungulia mlango.

Ndani ya gari mwanangu akasema basi, Mama, turudi. Nikamwambia anishushe Deira, nitatembea mwenyewe, yeye aende kazini kwake. Alibisha kidogo. Mimi huwa nambishia mpaka anachoka.

Duka la kwanza nililoingia kwa miguu lilikuwa la Mhindi mmoja mnene. Alikuwa hana Kiswahili, tukaongea hicho Kiarabu cha sokoni ambacho kila mtu hapa anacho na hakuna anayekijua vizuri. Nikamwambia nyeusi, ya zamani. Akakimbia ndani akatoa nyeusi. Nikasema siyo hii. Akatoa nyingine. "Hii?" Siyo. "Hii, mama?" Akawa anazitoa kama mtu anayeuza kuku, hii mbaya basi chukua hii, mpaka njia ikajaa baskeli na wapita njia wakaanza kuruka. Mwisho alinitolea nyekundu.

"Nimekwambia nyeusi."

"Napaka rangi! Bukra, mama, inakuwa nyeusi."

Alikuwa anasema kweli. Kesho yake angeipaka. Nikamwacha anazirudisha ndani.

Duka lililofuata lilikuwa limefungwa, mwenyewe kaenda kusali. La baada yake alikuwepo kijana mwenye simu sikioni. Aliniashiria kwa mkono ningoje, nikangoja, akaendelea kusema na mwanamke kwenye simu, nadhani mkewe, maana alikuwa anajitetea. Nilipochoka kusimama niliondoka. Hakuniona nikiondoka.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Miguu iliniuma, nikaona inaniuma, basi. Miezi ile yote ilikuwa hivyo, kila kitu nakiona kipo lakini hakinifikii. Nikaingia uchochoro mwembamba nyuma ya maduka ya kamba na vyandarua, nikamkuta mzee wa Kipakistani amechuchumaa mbele ya kibanda, ana gurudumu magotini analizungusha. Nikamwambia maneno yale yale.

Hakuinua kichwa. "Baskeli nyeusi zipo nyingi. Aliyeiacha ni nani?"

"Mzee. Mfupi, mwenye kofia ya kufuma."

"Anayekuja na chupa ya kahawa?"

Moyo ulipaswa kushtuka hapo. Nilisema, "Huyo."

Sasa akanitazama. "Hajji! Yuko wapi Hajji? Kila siku namuuliza Mungu, huyu mtu kanikasirikia nini? Kaacha baskeli, harudi, kahawa yake imekatika."

"Amekufa."

Akaliweka gurudumu chini. Akasoma innalillahi polepole, akafuta mikono kwenye kitambaa, akanivutia kiti cha plastiki. Nikakaa. Nikamwambia kwa nini sikuja mapema, nilikuwa eda. Akaitikia kwa kichwa, eda anaijua.

"Wewe huandiki wateja wako?" nikamuuliza. "Mwanangu kapita maduka, kila mtu anamwambia amlete mwenyewe."

"Naandika ya nini? Uso wake naujua. Uso ukija, naupa baskeli yake. Wote huku tunafanya hivyo." Akafikiri. "Angekuja mwanao, nisingempa. Simjui. Wewe nakupa, kwa sababu umeitaja sura ya Hajji sawasawa."

"Basi nipe."

Akaanza kujikuna shingo. "Haipo hapa, mama."

Kumbe desturi yake ni hii: baskeli isiyochukuliwa haiuzi, lakini haiachi isimame. Inaoza mipira, inashika kutu, hasa joto la huku. Basi humwazima mteja ambaye yake bado iko kwenye matengenezo, aende nayo kazini, na akirudisha anapewa mwingine. Ya mume wangu ilikuwa imezunguka miezi yote ile. Muuza juisi alikuwa nayo, kisha Mnepali mmoja wa hoteli, na sasa alikuwa nayo askari wa ulinzi, Mganda, anayelinda ghala kule bandarini. Mimi nimekaa ndani siendi popote, na baskeli inatembea Deira nzima.

"Atapita saa hii hii akienda zamu," fundi akasema. "Hupita kujaza upepo."

Nikangoja. Alinipa chai ya maziwa. Haikuwa mbaya.

Yule Mganda alikuja kwa kasi, kijana mrefu, amevaa sare, chakula chake kakifunga nyuma kwenye keria. Niliijua baskeli kabla sijauona uso wake. Ilikuwa safi kuliko nilivyoizoea. Fundi akasema naye harakaharaka, akaninyooshea mkono. Kijana akashuka, akavua kofia.

"Mama shikamoo. Pole sana kwa mzee."

"Ahsante. Naitaka baskeli yangu."

"Ni haki yako, Mama." Lakini mikono haikuachia usukani. "Ila nyabo, nakuomba. Yangu iko kwa huyu, anangojea spea yake. Anasema Alhamisi. Niachie hii mpaka Alhamisi, mimi mwenyewe nitakuletea mpaka nyumbani."

"Hapana."

"Mama, mimi naishi Deira, basi la kampuni linachukua watu wa kambi ya Muhaisnah tu. Kwa miguu nachelewa, na sir wa kule akiona umechelewa hataki hadithi."

"Nimekaa eda yangu yote naifikiria hiyo. Sina Alhamisi ya kukupa."

Fundi akamwambia kitu. Kijana akanitazama tena, nadhani alikuwa anangoja nilegee. Wengine wana uso wa kulegea, mimi sina. Akapumua. "Banange," akasema kwa lugha yake, siyo kwangu, akaanza kufungua chakula chake. Fundi hakunidai kitu. Alikataa hata kusikia.

Sasa kuisukuma. Nilishika usukani, nikaenda hatua chache, ikanilalia begani. Ni nzito, nilishasema. Watu wawili wakasimama kutazama bibi na baskeli.

"Lete, Mama," yule Mganda akasema. "Utauawa na kitu cha mumeo."

"Zamu yako?"

"Nimeshachelewa. Kuchelewa kidogo na kuchelewa sana, matusi ni yale yale."

Tukaenda, yeye anasukuma, mimi pembeni na mfuko wake wa chakula mkononi. Aliniuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia mtu wa kawaida. Akaniuliza tulikuwa tunagombana? Nikamwambia, "Wewe umeoa?" Akasema bado. "Basi ngoja." Akacheka peke yake. Akaniambia baskeli hii inavutia kushoto kidogo, lazima uishike. Sikuwa najua hilo. Mume wangu hakuwahi kulisema.

Nyumba yetu ni ya zamani, lifti yake hata ndoo mbili hazikai vizuri. Akaibeba begani mpaka ghorofa ya pili, akaiegemeza ukumbini kwenye ukuta wa dirishani. Nikampa maji, akayanywa amesimama, akachukua mfuko wake.

"Itakaa hapa tu?" akauliza.

"Itakaa hapa."

Akatikisa kichwa kama anayesema sawa, akashuka ngazi mbio. Sikumwita. Alikuwa na haki ya kuniona mbaya, na mimi nilikuwa na haki ya baskeli.

Nikakaa kwenye kochi nikaitazama. Nilidhani ikiingia ndani nitalia, au nitapumua, au kitu. Nilingoja. Feni inazunguka. Nje mtu anapiga honi hachoki. Ikaadhiniwa magharibi, nikainuka nikasali, nikarudi, nayo iko palepale na mimi niko vilevile.

Mwanangu alipoingia kutoka kazini alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Haa! Umeipata!"

"Nimeipata."

Akaizunguka, akabonyeza mpira, akazungusha pedali kwa mguu. "Gurudumu limenyooka kabisa. Mama, wewe ni polisi." Kisha akaiangalia vizuri. "Lakini mbona kiti kiko juu hivi? Baba asingefika chini na miguu yake."

Mimi nilikuwa nimekiona tangu kibandani kwa fundi. Kiti kilikuwa kimepandishwa kwa miguu ya yule Mganda, na kabla yake kwa miguu ya wengine.

Akaenda jikoni akarudi na spana, akachuchumaa, akalegeza. "Alikuwa anakiweka wapi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukipakiwa nyuma ulipokuwa mtoto."

"Nilikuwa namwona mgongo tu, Mama." Akakishusha kiti, akakitazama. Akakipandisha kidogo. Akasimama, akajiwekea mkono kwenye nyonga, akaupeleka chini kwenye paja, anajaribu kukumbuka baba yake aliishia wapi. Mkono ukabaki hewani. "Hapa? Hebu njoo utazame. Hapa?"

Nikatazama. Nimemwona akiipanda na kuishuka kutoka dirisha lile lile, miaka na miaka, asubuhi na alasiri.

"Sijui," nikamwambia.

"Hata takriban?"

"Kaza hapo hapo."

Akakaza. Nikaenda kupakua wali, maana ulikuwa unapoa.