Sura ya Tisa ya Mwalimu Sanga

Husna binti Kibwana alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko la Msambweni. Wateja wake walikuwa watu wa barua za kazi na kadi za harusi, mpaka alipoitwa na Mwalimu Rai Sanga, mwandishi ambaye riwaya yake ya kwanza ilimtia kizuizini miaka miwili na kumfanya ajulikane nchi nzima. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Alitaka mtu wa kumchapia riwaya yake ya mwisho, yeye akiisema kwa mdomo.

Husna alijivunia kazi ile. Kisha wakafika sura ya tisa, ya karani wa chifu aliyewashika wanakijiji vidole, akavitia wino na kuvigandamiza juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Hivyo ndivyo mashamba ya ufuoni yalivyokwenda. Karani hakutajwa jina, lakini aliburura mguu wa kushoto na kumwita kila mtu "mpenzi wangu". Husna alimtambua. Ndiye aliyemlea.

Alichapa sura yote bila kusita. Jioni akaiondoa kitabuni, akaihifadhi kwenye flashi, na kitabu kikaenda kwa mchapishaji bila sura ile. Mwalimu alimwamini, hakumwomba mtu mwingine amsomee.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa shule kule Kinondo, kijiji cha mashamba yale, ulijaa. Bi Mwanarusi, mjane aliyemsimulia Mwalimu kisa cha shamba lake, alisimama.

"Mwalimu, nilikueleza siku mbili nzima. Mjukuu wangu amenisomea kitabu ulichonitumia, chote. Mbona sisi hatumo?"

"Mmo, mama. Sura ya tisa. Husna, msomee."

Husna alifungua kitabu. "Haimo, Mwalimu."

Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Wamemnunua mzee huyu." Wengine wakaguna kukubali.

Mwalimu aliishika meza. "Niwieni radhi," alisema. "Kosa ni langu."

Husna, kando yake, alikifunga kitabu.

Kwa wiki tatu aliona haya hata kuitikia salamu. Mwishowe akaenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Sura ile niliitoa mimi. Yule karani ni baba yangu."

"Najua ni babako. Nilijua tangu mwanzo. Siku ile nilikusikia ukichapa bila kusita, nikasema moyoni, binti huyu amenishinda ujasiri."

Husna alijifunika uso kwa mtandio. Lau angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Nifanye nini?"

"Mimi nimezoea kusemwa. Nenda kwa Mwanarusi."

Alikwenda na kurasa kumi na moja za sura ile, akamsomea. Bi Mwanarusi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nawe u binti wa nani?"

"Wa Kibwana. Karani."

Bibi alizigusa kurasa kwa kidole. "Soma tena pale pa marehemu mume wangu."

Husna akasoma. Hakukaribishwa chai, wala hakufukuzwa.

Toleo la pili lilitoka na sura ile. Mwalimu aliwaambia watu wa magazeti kwamba ilikuwa imepotea, na Husna ndiye aliyeipata. Mzee Kibwana sasa hupita mbele ya duka bila kugeuza shingo. Watu wa Kinondo, wao, huingia kumshukuru binti huyo, wakamshika mkono kwa mikono miwili, naye huitazama sakafu mpaka waondoke.