Mrija wa Pili

Mama muuza juisi ya ndizi sokoni Kibondo haonji kitu mbele ya wateja. Huosha mirija, huichomeka kwenye chungu kimoja ili watu wanywe pamoja, kisha hufuta mikono kwenye kitenge akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Siku Nkunzimana aliporudi kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, aliinama kunywa. Wenzake wakachomoa mirija yao, mmoja baada ya mwingine.

“Kichaa haponi,” mmoja akanong’ona, wakaondoka.

Nkunzimana akabaki kulitazama povu, mrija wake umesimama peke yake. Wimbo ukakoma. Mama akavuta kigoda, akachomeka mrija wake, akanyonya mpaka mashavu yakabonyea.

“Kunywa, mwanangu,” akasema. “Wametuachia chungu kizima.”