Popi Anaenda Krismasi

Juzi hapa Nakuru niliona mbwa ametoa kichwa kwenye dirisha la gari, masikio yanapepea, nikamkumbuka Popi wetu. Nilipokuwa mdogo, alasiri moja Baba alikuwa akipanga safari ya Krismasi kwenda kwa shosho, mama yake, kule Molo. Mbuzi alikuwa ameshafungwa nyuma ya pikapu, akilia, na harufu yake imejaa uani.

"Na Popi tunambeba," Baba akasema.

Nikaangua kilio. Kila mnyama tuliyempeleka kwa shosho Krismasi alichinjwa. Nikamkumbatia Popi shingoni.

"Baba, si tule tu mbuzi!"

Mama alicheka mpaka akaketi chini. "Wewe nawe! Nani anakula mbwa?"

Sikuamini. Kule Molo sikugusa nyama mpaka nilipomwona Popi mwenyewe akitafuna mfupa.