Mtazama Mabawa

Mtaani wanamwita Bwana Nzi, na yeye haoni tusi. Kutwa nzima ameinamia hadubini, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, akiwageuza nzi wa matunda waliolala kwa dawa. Brashi yake ni laini, utadhani anampaka mtoto wanja. Wazazi wao amewapandikizia jeni inayovuruga ujumbe kati ya seli, hadi mabawa yakaota na mapengo. Sasa anawinda jeni nyingine, ile itakayozidisha mapengo hayo kwa watoto au kuyaziba. Akikuta bawa lililoharibika zaidi, au lililopona, hushangilia kama aliyepata mjukuu. Akikuta pengo ni lile lile la wazazi, hunung'unika, "Baba yake mtupu," na nzi husukumwa kwa brashi hiyo hadi kwenye chupa ya spiriti, akafie humo.

Binti yake humpelekea chakula maabara, hayo ameyaona sana. Basi siku mchumba wake alipokuja na wazazi kujitambulisha, mzee alimshika kijana bega, akamgeuza taratibu kuelekea dirishani, akamlinganisha na baba yake, kisha akashusha pumzi.

"Baba yake mtupu."

Wageni wakachekelea, mama wa kijana nusura alie kwa furaha. Binti peke yake ndiye aliyetupa jicho mkononi mwa baba yake, asije akawa kaja na brashi.